JE, KUNA KIUMBE KINACHOISHI NDANI YA MOTO?



Mnakumbuka ule moto wa mwezi wa sita. Ulianza nyuma ya uwanja wa mpira, ukapanda mlima, ukashuka upande wa pili na kula shamba la mihogo la mama mjane anayetuuzia vitumbula saa ya mapumziko. Usiku ule wadogo zetu wa mwaka wa kwanza walikataa kulala. Mmoja aliniambia: "Yaya, tulibaona. Beko babili, banacheza mu moto." Kesho yake shule nzima ilisema kwamba hakuna mtu aliyewasha moto, ni hao watu wadogo wa moto. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena kiberiti kilikuwa cha nani.

Mimi kapita wenu nimeona vema kueleza jambo hili. Sitamcheka mtoto yule, juu ya watu wakubwa sana wamesema kama yeye.

1. Wazee wa zamani walisema nini

Aristote, mwalimu wa Wagriki, aliyekufa mwaka wa 322 mbele ya Kristo, aliandika kwamba katika matanuru ya shaba ya kisiwa cha Kipro kunazaliwa wadudu wenye mabawa ndani ya moto wenyewe. (Kipro tunakijua: Paulo na Barnaba walipita huko.) Kisha Pline, mwandishi wa Roma, aliyekufa mwaka wa 79, alieleza zaidi. Alisema mdudu huyo ana miguu minne na mabawa, ukubwa wake unapita kidogo ule wa inzi. Akiwa ndani ya moto anaishi. Akiruka mbali kidogo na moto, anakufa mara moja.

Watu hao pia walisema habari za salamandra, mnyama mfano wa mjusi, eti anazima moto kwa baridi ya mwili wake. Mwisho akaja mganga wa Uswisi, Paracelse, aliyekufa mwaka wa 1541. Kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka wa 1566 kinasema kuna viumbe vya namna nne vinavyofanana na watu: vya maji, vya hewa, vya udongo na vya moto. Vile vya moto akaviita salamandra, virefu na vyembamba. Basi, watu wa moto wa mlima wetu walikwisha kuandikwa Ulaya zamani sana!

2. Tuchunguze

Salamandra yuko kweli, lakini hayuko kwetu. Yule anayeitwa salamandra wa moto anakaa katika misitu ya Ulaya. Ni mweusi mwenye madoa ya manjano, na ngozi yake inatoa sumu. Anapenda unyevu, anajificha ndani ya magogo yaliyooza. Mtu akitupa gogo hilo motoni, mnyama anatoka mbio kuokoa maisha. Aliyemwona alisema: "Amezaliwa na moto." Kumbe alikuwa anaukimbia.

Tena, watu waliuza kitambaa kisichoungua, wakasema ni manyoya ya salamandra. Marco Polo, katika miaka ya 1200, alikataa maneno hayo: alieleza kwamba ni nyuzi za jiwe linalochimbwa mlimani. Ndiyo amianti, ambayo leo tunajua vumbi lake linaleta kansa ya mapafu.

Na mdudu wa tanuru? Sisi wa Katanga tusishindwe na swali hili. Wazee wetu waliyeyusha mawe ya kijani katika matanuru ya udongo wa kichuguu, kwa makala na mivukuto, wakatoa misalaba ya shaba. Shaba inayeyuka kwa digri 1085. Kwa moto wa namna hiyo nyama yoyote inakuwa majivu. Lakini jioni uangalie mbabula ya mama anapopepea makala: kitu kidogo chenye kung'aa kinaruka, kinageuka hewani, kinazimika. Ndani ya moto kinaishi, nje ya moto kinakufa. Mimi nafikiri mdudu wa Pline ni cheche, basi.

Wale wawili waliocheza mlimani je? Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda juu. Hewa ya baridi inaingia kutoka pande zote kuchukua nafasi yake, na ikiingia kwa kuzunguka inafanya kisulisuli. Kisulisuli kinainua ndimi za moto na majivu, kinasimama sawa mtu, kinatembea. Mtoto hakusema bongo; aliona kweli, lakini hakujua jina la kitu alichoona.

3. Wenye kupenda moto kweli

Hata hivyo wako viumbe wanaoufuata moto. Huko Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini kuna mbawakawa mweusi, urefu wake karibu sentimeta moja, jina lake la sayansi Melanophila. Karibu na miguu yake ya katikati ana vishimo viwili vinavyosikia joto la moto kutoka mbali. Wengine wanakimbia, yeye anakuja. Anataga mayai katika miti iliyoungua, juu ya mti uliokufa hauwezi tena kujitetea na watoto wake wanaokula ubao.

Kwetu hapa, moshi ukipanda tu, mwewe wanafika kukamata mapanzi na panya wanaokimbia. Nyasi nazo zinaacha macho yao chini ya udongo, kisha zinachipuka upya.

Lakini angalieni: hakuna hata mmoja anayekaa ndani ya ndimi za moto. Kiumbe aliyeshinda wote kwa kuvumilia joto ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, cha chini ya bahari. Mwaka wa 2008 wataalamu walionyesha kwamba kinaweza kuongezeka hata kwa digri 122. Zaidi ya hapo, hatujui uhai wowote.

4. Basi, nani aliwasha?

Kama hakuna kiumbe cha moto, anabaki mwenye kiberiti. Nitasema wazi: nilipokuwa mwaka wa tatu, mimi na wenzangu tuliwasha nyasi za mlima ule ule kusudi tupate panya. Upepo ulikuwa mdogo, tukazima. Hatukuwa na akili kuliko wale wa mwaka huu, tulikuwa na bahati tu.

Nilimtembelea yule mama. Nikamweleza maneno ya wanafunzi. Akanijibu: "Mutoto yangu, ile roho ya moto itanilipa mihogo?" Nikakosa la kusema.

Kwa hiyo, aliyewasha aje kwangu, hata usiku. Tutakwenda pamoja kwa mama, naye hatakwenda peke yake. Jumamosi saa mbili, wote wenye jembe tukutane mbele ya chumba cha kulala cha wavulana, tukalime shamba lile tena mbele ya mvua. Mimi nitakuwa wa kwanza, juu ya deni langu la mwaka wa tatu halijalipwa.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Biolojia na Kemia