Betri Inayochoka Umeme Ukiwepo

Katika mji wa Karatu, kama ilivyo katika miji mingi iliyo mbali na vyanzo vikubwa vya umeme, betri ya akiba iliyofungwa nyumbani inaweza kuisha chaji katika usiku ambao TANESCO haikukata umeme hata mara moja. Taa za jirani zinawaka, mita ya LUKU ina yuniti za kutosha, na bado inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa mkondo mnyoofu wa betri kuwa umeme wa mkondo geu unaotumiwa na vyombo vya nyumbani, inapiga mlio wa kuonya kwamba betri inakaribia kwisha. Mwenye nyumba humlaumu muuza betri, muuza betri humlaumu fundi, na fundi anayeijua kazi yake hasemi neno kabla hajachomeka mita kwenye soketi.

Habari za mgawo wa umeme hazihitaji kurudiwa kwa msomaji aliyeuonja ule wa mwaka 2006, ule wa 2011 na ule ulioendelea hadi mwanzoni mwa 2024, wakati mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulipoanza kuzalisha. Bwawa hilo lenye uwezo wa megawati 2,115 limepunguza sana tatizo la uzalishaji. Kuufikisha umeme kaskazini ni kazi nyingine. Mwezi Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza nia ya serikali ya kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini kwa kuwa umeme mwingi hupotea ukisafirishwa kutoka mbali, kauli iliyozua mjadala mkubwa. Karatu, iliyo zaidi ya kilomita 130 kutoka Arusha mjini katika barabara iendayo lango la Lodoare la Ngorongoro, iko mbali hata kwa vipimo vya kaskazini yenyewe.

Umbali huo humfikia mwenye nyumba kwa sura ya volti. Kila waya una ukinzani, yaani hali ya kuuzuia mkondo usipite kwa wepesi, na kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo volti zinavyoshuka kabla ya kufika mwisho wa njia, huku nishati inayopotea kwa joto ikiongezeka kwa mraba wa mkondo, hata mkondo ukizidi mara 2 upotevu unazidi mara 4. Kuanzia saa moja jioni, majagi ya umeme, pasi, hita za kuogea na majokofu ya hoteli hufanya kazi kwa pamoja, na soketi ya nyumba ya mwisho kutoka kwenye transfoma, ambayo kwa kiwango cha nchi ingepaswa kutoa volti 230, inaweza kushuka hadi 180, kisha 170, kisha chini ya hapo. Zamani jambo hili lilionekana kwa macho, kwa sababu balbu ya nyuzi ilififia na kuwa nyekundu, na watu wakasema umeme ni mdogo. Taa ya LED imeficha dalili hiyo: ndani yake mna sakiti ndogo inayojirekebisha, hivyo inaweza kuwaka vilevile kwa volti 230 na kwa volti 160, na familia inaketi chini ya mwanga mzuri bila kujua kwamba friji jikoni linanguruma kwa taabu.

Inveta, tofauti na taa, haidanganyiki. Nyingi kati ya zile zinazouzwa madukani zina mipangilio miwili ya kupokea umeme wa nje: mmoja mpana, unaokubali takriban volti 90 hadi 280, na mwingine mwembamba, unaokubali takriban 170 hadi 280 na ambao hukusudiwa vyombo visivyovumilia mabadiliko, kama kompyuta. Inveta iliyowekwa katika mpangilio mwembamba huhesabu volti 165 kuwa sawa na giza, ikaukataa umeme wa nje na kuihamishia nyumba kwenye betri. Volti zikipanda kidogo inaurudisha, zikishuka inauacha tena, na jioni nzima hupita katika kubofyabofya huko. Inapowekwa katika mpangilio mpana, betri hupumzika lakini mzigo unaangukia mota ya friji, ambayo ikipewa volti pungufu huvuta mkondo mwingi zaidi, hupata joto na mwishowe huungua. Kwa fundi, basi, kuchagua mpangilio ni kuchagua chombo kitakachoumia. Stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, nayo si jibu kamili, maana ili ipandishe volti za nyumba moja hulazimika kuvuta mkondo zaidi kutoka katika waya uleule uliokwisha kulemewa.

Ndiyo maana fundi mzoefu hatosheki na hesabu ya kawaida, ingawa huanza nayo. Tuchukulie nyumba yenye taa 6 za wati 9 zinazowaka kwa saa 5, televisheni ya wati 80 kwa saa 4, kifaa cha intaneti cha wati 10 na friji linalokula wastani wa wati 50 kwa saa 12, pamoja na simu chache: jumla yake ni karibu wati-saa 1,370, na upotevu wa kugeuza umeme ukiongezwa inafika kama 1,520. Kinachosahaulika ni kwamba inveta yenyewe inakula. Inveta kubwa inayotumia wati 40 kwa kule kuwashwa tu humaliza wati-saa 480 katika saa hizo 12, zaidi ya televisheni, na aliyenunua kubwa kuliko mahitaji yake hulipa kodi hiyo kila usiku. Nyumba hiyo inahitaji kilowati-saa 2, ambazo betri mbili za risasi na asidi za volti 12 na ampia-saa 200 huzitoa bila kushushwa chini ya nusu, au betri moja ya lithiamu ya volti 25.6 na ampia-saa 100 ikitumiwa kwa asilimia 80.

Kwenye karatasi betri hizo zinalingana, lakini saa za kujaza ndizo huzitenganisha. Betri za risasi zinazochajiwa kwa ampia 20 huchukua kama saa 4 kupokea sehemu kubwa ya chaji, kisha saa kadhaa zaidi kumalizia kipande cha mwisho ambacho haziwezi kukipokea kwa haraka, ilhali ya lithiamu kwa ampia 40 hujaa katika saa 2 na ushei. Betri ya risasi isiyofikia kujaa hujenga juu ya sahani zake fuwele za salfeti ya risasi, ambazo hugeuka kuwa ngumu na kuipunguzia uwezo mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo mahali ambapo umeme mzuri hupatikana kwa vipande vya saa mbili mbili, betri ya bei nafuu hufa mapema hata kama giza lenyewe ni fupi, na swali la kwanza la upangaji halipaswi kuwa umeme hukatika kwa saa ngapi, bali ni saa ngapi kwa siku soketi ina volti za kuweza kujaza betri.

Juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, huongezeka ukungu unaopunguza kazi ya paneli za sola asubuhi, na baridi ya Juni na Julai. Betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa katika joto la chini ya nyuzi sifuri, na ile ya risasi hupoteza karibu sehemu ya tano ya uwezo wake katika nyuzi hizo. Huko betri ikae ndani ya nyumba.

Yapo maswali ambayo hesabu ya nyumba moja haiyajibu. Umeme unaporudi, chaja ya ampia 40 iliyotajwa huvuta zaidi ya wati 1,000, na nyumba 20 za namna hiyo zinazoanza kuchaji kwa dakika moja zinaweka zaidi ya kilowati 20 juu ya friji na hita zinazoamka pamoja, mzigo mzito kwa transfoma ndogo ya kVA 50. Je, kinga ya kila nyumba haiwi sehemu ya ugonjwa wa mtaa? Na mteja ambaye umeme wake upo kwa mita ya LUKU lakini haupo kwa inveta, atalalamika kuhusu nini, na kwa ushahidi gani?

Ushahidi angalau unaweza kukusanywa. Mwenye nyumba anayepanga kununua betri na inveta anashauriwa kwanza anunue mita ndogo ya volti ya kuchomeka kwenye soketi, na kwa wiki mbili aandike daftarini inachosoma alfajiri, adhuhuri, saa moja jioni na saa tatu usiku. Daftari hilo ampelekee fundi kabla ya kulipa hata shilingi moja ya betri, na nakala yake aipeleke ofisi ya TANESCO ya wilaya.