Kweli au Si Kweli: Kiwanja Chako na Tetemeko la Ardhi

Mnunuzi wa kiwanja huulizia hati, bei, barabara, maji na umeme. Kuhusu udongo haulizi. Anakuja kukutana nao siku fundi anapochimba msingi, fedha ikiwa imeshatoka. Tupitie yanayosemwa mitaani, maana mengine yanaua.

"Matetemeko ni ya watu wanaoishi karibu na volkano." Si kweli. Bukoba, mkoani Kagera, haina mlima unaotoa moshi, lakini alasiri ya Septemba 10, 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi, hasa za tofali na mawe zisizofungwa kwa nondo. Kagera haiko mbali na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, unaoshuka kutoka Ziwa Albert hadi Tanganyika na Rukwa, na ardhi ya bonde hilo bado inatanuka.

"Aliye mbali na kitovu hana cha kuogopa." Si kweli, na hapa naomba tukae kidogo. Septemba 19, 1985 tetemeko la kipimo cha 8.0 lilianzia pwani ya Pasifiki ya Meksiko. Mji mkuu uko zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo, lakini maelfu ya watu walikufa humo. Sehemu kubwa ya mji ule imejengwa juu ya tope la ziwa la kale la Texcoco. Tope liliupokea mtikisiko uliokwisha fifia, likaukuza, likawa linayumba kwenda na kurudi kila baada ya sekunde mbili hivi. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 nayo huyumba kwa mwendo unaokaribia huo. Yakawa kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi, mpaka mengi yakaanguka. Katika mji huohuo, nyumba zilizokuwa juu ya mwamba ziliumia kidogo tu.

"Mchanga hauna shida, shida ni mfinyanzi." Nusu kweli. Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, simama kwenye mchanga uliolowa, upigepige mguu mahali pamoja. Mchanga unalegea, maji yanapanda, mguu unazama. Tetemeko huufanya hivyohivyo mchanga uliolegea wenye maji karibu na uso wa ardhi. Huko Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu kuta zake zikiwa nzima. Kwa hiyo kiwanja cha mchanga kando ya mto au ziwa kichimbwe shimo masika, uone maji yapo kina gani.

"Nyufa za ukutani ni kazi ya tetemeko." Mara nyingi si kweli. Udongo mweusi wa mbuga huvimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi, na nyumba hunyanyuliwa na kushushwa nao kila mwaka. Chukua bonge, lilowanishe, lisokote kwa viganja. Likitoka kamba nyembamba isiyokatika, mfinyanzi ni mwingi. Hicho ni kipimo cha kukushtua tu. Sampuli ipelekwe maabara ya udongo kabla mhandisi hajachora msingi.

"Nondo zikitosha, popote panajengeka." Si kweli. Lenta inayozunguka kuta zote na kuzifunga pamoja huokoa maisha, usikubali fundi airuke. Lakini lenta haizuii tope linaloshuka mlimani: Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka hadi mji wa Katesh na kuzika watu pamoja na nyumba zao. Tazama kilichoko juu ya kiwanja chako: korongo linaloelekea kwako, mawe makubwa yaliyotawanyika chini ya mteremko, miti iliyoinama. Halafu muulize mzee wa jirani, katika mvua kubwa kuliko zote alizoziona, maji yalipita wapi. Akinyoosha kidole kwenye kiwanja unachotaka kukilipia, fedha ibaki mfukoni.