Sherehe ya watoto bila karanga, maziwa wala yai: tuelewe alerji, kisha tupike pamoja na watoto



Kila tarehe 31 Oktoba, watoto wa Marekani wanavaa nguo za kuchekesha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba bombo. Sherehe hiyo inaitwa Halloween, na alama yake ni boga lililotobolewa macho na mdomo. Mwaka 2012, katika jimbo la Tennessee, wazazi wenye watoto wa alerji walianza desturi mpya: ukiona boga limepakwa rangi ya kati ya buluu na kijani mbele ya nyumba, ujue hapo kuna zawadi isiyo chakula, na mtoto wa alerji anaweza kupokea bila woga. Mwaka 2014 shirika la FARE likaeneza desturi hiyo nchi nzima.

Kwetu Masisi Halloween hakuna, na boga kwetu ni la kula. Lakini siku za watoto tunazo: tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, siku ya proklamasio, watoto wanapopata matokeo ya masomo, Noeli na Bonane. Siku hizo zote watoto wanapewa kitu kitamu. Na wasomi njo wanaombwa kupanga: kanisani, kwenye mtaa, ao katika familia. Basi tujiulize: tukigawa mandazi, karanga na maziwa kwa watoto hamsini, na mmoja kati yao mwili wake unakataa karanga, tutafanya nini?

1. Alerji ni nini?

Neno alerji lilitungwa mwaka 1906 na munganga wa Austria, Clemens von Pirquet. Vitabu vingine vya Kiswahili vinaita mzio. Miili yetu iko na kinga, yaani askari wa kupigana na vijidudu. Kwa mtu wa alerji, askari hao wanakosea: wanaona protini ya chakula kizuri kama adui. Mwili unamwaga kemikali inayoitwa histamini na zingine, na dalili zinatokea: ngozi inawasha na kuvimba vipele, midomo na macho vinavimba, mtoto anatapika, anakohoa, sauti inakauka. Mara nyingi inaanza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida haipiti saa mbili tangu alipokula. Ikishika pumzi ao moyo, inaitwa anafilaksia, na inaweza kuua.

Vyakula vinavyoleta shida mara nyingi ni maziwa, mayai, karanga, njugu za miti kama korosho, ngano, soja, samaki, kamba na kaa, pamoja na ufuta. Angalia orodha hiyo kwa macho ya Masisi: maziwa na fromaji yetu, karanga katika sombe, sambaza za ziwa Kivu, soja ndani ya uji wa masoso, ngano ndani ya mandazi. Ni chakula chetu cha kila siku.

Tusichanganye mambo mawili. Kuna watu wengi wakubwa Afrika ambao wakinywa maziwa mabichi tumbo linajaa hewa na kuharisha. Hiyo si alerji. Ni sukari ya maziwa, laktozi, ambayo tumbo lao haliwezi tena kuimeng'enya. Inasumbua, lakini haiui. Alerji ya maziwa inatokana na protini, na hata tone dogo linaweza kuleta hatari. Ndiyo maana kumpa mtoto huyo fromaji badala ya maziwa si dawa, na maziwa ya mbuzi pia si dawa, juu protini zake zinafanana sana na za ng'ombe.

2. Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Ndugu, tuseme ukweli. Hapa kwetu, mtoto akila kwa jirani, akavimba mdomo na kutapika, neno la kwanza linalotoka si alerji. Ni sumu, ile wengine wanaita karuho. Mama aliyegawa chakula kwa moyo mwema anageuka muuaji machoni pa watu. Familia mbili zinaacha kusalimiana, pengine mambo yanafika kwenye fimbo. Na wakati watu wanatafuta mwenye kosa, ao wanamnywesha mtoto maziwa na mafuta ya mawese ili atapike, dakika zinapita. Kama alerji yenyewe ni ya maziwa, wanamwongezea kile kile kinachomuumiza.

Hatusemi kwamba hakuna sumu duniani. Tunasema kwamba kuvimba na kuwashwa muda mfupi kisha kula, hasa kama watoto wengine waliokula sahani ile ile wako wazima, ni dalili inayopaswa kutufanya tufikirie alerji na tukimbilie kituo cha afya. Kujua tofauti hiyo kunaweza kuokoa mtoto, na kunaweza kuokoa amani ya kijiji.

3. Tusikataze watoto wote karanga

Msomaji mwingine atasema: basi tuache kabisa kuwapa watoto karanga. Hapana. Mwaka 2015, watafiti wa London wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walitangaza matokeo ya utafiti uitwao LEAP. Walichukua watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya alerji. Kikundi kimoja kililishwa chakula chenye karanga mapema, tangu miezi 4 hadi 11. Kikundi kingine kilikatazwa. Walipofika miaka 5, alerji ya karanga ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 80 katika kikundi kilichokula. Karanga ziwe zimesagwa laini, juu karanga nzima inaweza kumkaba mtoto mdogo.

Tena tukumbuke Plumpy'Nut, ile pakiti ya gramu 92 inayotolewa kwa watoto wenye utapiamlo. Imetengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, na imeokoa watoto wengi. Anayejulikana kuwa na alerji ya karanga ao ya maziwa, mzazi amwambie munganga mapema ili atafutiwe njia nyingine. Wengine wote waendelee kula. Kuacha dawa ya njaa kwa kuogopa alerji ambayo mtoto hana, ni kosa kubwa zaidi.

4. Kabla ya kuwasha moto

Kwanza, uliza. Siku mbili mbele ya sherehe, uliza kila mzazi: kuna chakula kinachomdhuru mtoto wako? Andika kwenye daftari.

Pili, fikiria mulini. Unga wa muhogo unaosagwa kisha soja ao karanga kupita pale pale unabeba mabaki yake. Omba kusaga asubuhi, mashine ikiwa imefagiliwa, ao twanga nyumbani kwenye kinu kilichooshwa.

Tatu, mafuta. Watu wengi wanafikiri moto unaua kila kitu. Moto unaua vijidudu, lakini protini ya karanga ao ya samaki inabaki na nguvu yake. Usikaange kwa mafuta yaliyokwisha kukaanga sambaza, wala usitumie mafuta ya karanga. Chukua mafuta mapya ya mawese ao ya alizeti.

Nne, mikono. Osha kwa maji na sabuni. Ile dawa ya alkoli tuliyozoea wakati wa Ebola inaua vijidudu lakini haiondoi protini ya karanga kwenye vidole.

Tano, pika chakula cha mtoto wa alerji kwanza, kifunike, kisha ndipo upike vingine. Bora zaidi: pika kitu kimoja ambacho watoto wote wanaweza kula, ili huyo mmoja asikae pembeni na kisahani chake.

Na biskuti za duka? Soma karatasi yake. Tafuta maneno haya ya Kifaransa: lait, œuf, arachide, blé, soja. Caséine na lactosérum ni maziwa pia. Ukiona peut contenir des traces, maana yake haikuhakikishwa, usimpe. Bombo isiyo na karatasi, usimpe.

5. Vitafunio vitatu vya kupika na watoto

Keki ndogo za ndizi na muhogo. Ndugu zetu wa Uganda wanaziita kabalagala. Hazina ngano, maziwa, yai wala karanga. Chukua vikombe viwili vya ndizi ndogo tamu zilizoiva sana na kupondwa, chumvi kidogo, kisha ongeza unga wa muhogo uliokaushwa vizuri, polepole, karibu vikombe viwili, mpaka donge lisishike tena mikononi. Usiongeze maji. Sukuma donge liwe nene kama kidole, kata miduara kwa kikombe, kaanga kwa moto wa wastani mpaka rangi iwe ya kahawia.

Mipira ya boga. Chemsha boga ao viazi vitamu, chuja maji yote, ponda. Changanya na unga wa mahindi uliokaangwa kavu mpaka unanukia, ongeza sukari kidogo na tangawizi. Finyanga mipira midogo. Haihitaji mafuta.

Vijiti vya matunda. Kata nanasi, papai na ndizi, tunga kwenye vijiti visivyo na ncha kali. Mwagia maji ya marakuja juu yake. Asali pia ni tamu, lakini kamwe usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja, juu inaweza kumletea ugonjwa wa botulizimu.

Kazi tugawe kwa umri. Wa miaka 3 na 4 wanaosha matunda na kuponda ndizi kwa mikono. Wa miaka 5 na 6 wanafinyanga mipira na kukata miduara. Wa miaka 7 kwenda juu wanapima vikombe, wanahesabu na kuandika majina. Moto, kisu na mafuta ni kazi ya mkubwa peke yake. Mkiwa mnafanya kazi, waelezeni: mwenzenu akila karanga anaumwa, kwa hiyo hatumpi, hatumchezei nayo, na hatumcheki. Mtoto mdogo anashika haraka kuliko sisi, na kesho njo atakuwa mlinzi wa mwenzake kwenye masomo.

Zawadi si lazima iwe ya kula. Kalamu, daftari ao mpira wa kamba vinafurahisha watoto wote sawa.

6. Mtoto akianza kuvimba

Ikiwa ni vipele vichache tu, ondoa chakula, safisha mdomo, kaa naye na umwangalie. Ikiwa anapumua kwa shida, sauti imebadilika, anatapika mfululizo ao analegea, usingoje. Mlaze, inua miguu. Kama pumzi ni shida, mwache akae. Usimsimamishe wala kumtembeza. Usimpe maziwa, mafuta wala kitu kingine cha kunywa. Mbebe akiwa amelala ao amekaa, kwa pikipiki ao kwa kipoyi, mpaka kituo cha afya, na useme wazi: amekula kitu fulani, saa fulani. Dawa ya kwanza ni adrenalini, sindano ya kwenye nyama ya paja, na hiyo ni kazi ya munganga. Vidonge vya kuzuia kuwashwa vinatuliza ngozi. Haviwezi kusimamisha anafilaksia. Kisha kutibiwa, mtoto abaki pale aangaliwe saa kadhaa, juu dalili zinaweza kurudi.

Ninyi mnaosoma udaktari na uuguzi, jambo moja tunawaomba: mkirudi kijijini kwa likizo, pitieni kituo cha afya kilicho karibu, muulize kama adrenalini ipo na kama tarehe yake haijapita. Walimu, wekeni majina ya watoto wa alerji kwenye daftari la darasa. Na sisi wengine, kila mmoja aeleze jambo hili kwa mama moja na kwa mzee moja wa mtaa wake, kabla Bonane haijafika.

Tuchungiane watoto.