Ukikutana na Mtunzi wa Michezo, Utamwuliza Nini?

Tuseme wewe ni kijana wa Naro Moru. Jumamosi umemaliza sarafu zako katika kibanda cha PlayStation, ukifukuza mpira katika viwanja vya Uingereza. Huko nje mawingu yamefunguka na Batian inakutazama. Ghafla unakutana na mtunzi wa michezo ya kompyuta. Utamwuliza nini kuhusu mchezo wake ujao?

"Utatoka lini?" ni swali la kila mtu, na jibu lake huteleza.

Mwulize kwanza kama utakubali simu ndogo ya mama yako. Wesley Kirinya alipotoa Nyangi mwaka wa 2007, ulihitaji kompyuta, na nyumba ngapi zilikuwa nayo? Mwaka wa 2009, yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, wakaelekea kwenye simu.

Kisha mwulize juu ya mlima wako. Je, mchezaji atapita Met Station, mita 3,050, azame katika matope ya Vertical Bog, ndipo afike Lenana, mita 4,985? Akipanda kwa pupa kichwa kitamwuma, au atakimbia tu kama yuko Uhuru Park? Na wabeba mizigo, yaani baba na kaka zenu, watakuwa na majina na sauti, ama ni migongo tu?

Nawe mzazi, lako lipo: mchezo utaomba pesa za M-Pesa katikati? Uliza kabla mtoto hajajua nambari yako ya siri.