Simba Anasafiri, Mwamba Unabaki
Jukwaa la "The Lion King" kutoka New York hadi ukumbi wa shule

Sijui mwanafunzi hapa chuoni ambaye hajawahi kuiona filamu ya The Lion King, ile katuni ya mwaka 1994. Sisi Waswahili tuna faida yetu pale. Wengine duniani huambiwa maana ya majina, sisi tunayasikia tu: simba ni simba, rafiki ni rafiki, na Pumbaa ni yule aliyepumbaa. Wachache zaidi ndio wanaofuatilia kwamba hadithi hiyohiyo ni tamthilia ya muziki inayochezwa jukwaani, na kwamba imekuwa ikichezwa tangu mwaka 1997, yaani kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Mimi sijawahi kukaa kwenye ukumbi wa Broadway. Ninachokijua nimekipata kwa kusoma na kwa kutazama vipande vilivyorekodiwa, bando likiruhusu. Kilichonivuta ni jambo moja: onesho hili limehama majengo, nchi na lugha, na kila linapohama kuna vitu vinabadilishwa au vinaachwa kabisa. Watazamaji lakini hawaondoki wakisema wameona nusu. Nini hasa hubaki? Kwa sisi tunaosomea ualimu, jibu lake lina kazi zaidi ya burudani.

Tuanze na tatizo lenyewe

Filamu ya katuni haina shida ya kuonesha wanyama. Unachora simba, unachora nyumbu elfu moja wakikimbia, kazi imekwisha. Jukwaani una binadamu, mbao na taa. Utamwoneshaje simba?

Njia rahisi ingekuwa kumvika mtu nguo ya manyoya toka kichwani mpaka miguuni, kama wale wanaotangaza bidhaa sokoni. Mwongozaji, Mmarekani Julie Taymor, alikataa. Alipokuwa kijana aliwahi kuishi na kufanya kazi Indonesia, akajifunza jinsi wenzetu wa huko wanavyotumia vinyago na vikaragosi. Alifahamu pia sanaa ya Wajapani ya bunraku, ambayo wanaoendesha kikaragosi hawajifichi: unamwona kikaragosi, unamwona na mtu.

Akaamua hivyohivyo. Mufasa na Scar wanavaa vinyago, lakini kinyago kinakaa juu ya kichwa. Uso wa mwigizaji uko wazi, unauona ukikasirika na kuhuzunika. Kinyago cha Scar kina mtambo mdogo: akijikunyata kwa hila, kinashuka mbele ya uso wake, mtu anageuka mnyama. Vinyago hivyo, alivyovibuni pamoja na Michael Curry, vimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni ili visimvunje mtu shingo. Twiga ni mtu aliyesimama kwa magongo manne, mawili mikononi na mawili miguuni. Ndovu anabebwa na watu wanne, mmoja kila mguu. Mbuga ya nyasi ni watu waliobeba nyasi vichwani, wakitembea.

Hakuna anayedanganywa hapo. Unajua kabisa kuwa yule ni mtu kwenye magongo. Na bado unamwona twiga.

Onesho lilianzia Minneapolis, Julai 1997, likafunguliwa rasmi Broadway Novemba 13 mwaka huohuo katika ukumbi wa New Amsterdam. Mwaka 1998 lilipata tuzo sita za Tony, na Taymor akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo hiyo kwa kuongoza tamthilia ya muziki.

Mwamba una miguu mizito

Sasa tuje kwenye kuhama. Kitu maarufu kuliko vyote katika hadithi ni ule mwamba, Pride Rock, ambako mtoto wa simba huinuliwa juu wanyama wote wamwone. Broadway mwamba ulitengenezwa kama ngazi inayozunguka, ikipanda kutoka chini ya sakafu ya jukwaa. Sakafu inafunguka, mwamba unajisokota kwenda juu. Ili ufanye hivyo lazima uwe na nafasi chini ya jukwaa na mitambo ya kuinua. Kwa maneno mengine, jengo lenyewe linageuka sehemu ya onesho.

Mwaka 2002 onesho lilianza ziara ya Amerika Kaskazini, likianzia Denver. Ziara maana yake unafika mji mmoja, unafunga vitu, unacheza kwa muda, unafungua, unapakia kwenye malori, unakwenda mji mwingine. Huwezi kwenda kila ukumbi ukawachimbia shimo sakafuni. Kwa hiyo katika ziara mwamba hautoki chini. Unaingia kutoka pembeni, nyuma ya mapazia, mpaka katikati ya jukwaa. Ni mwamba mwingine, wenye tabia nyingine.

Wapo wanaosema ule wa kwanza ndio mtamu, na nawaelewa. Kitu kinachochipuka kutoka ardhini kina maana yake: ufalme unaota kama mti. Kinachoingia kutoka pembeni kinafika kama mgeni. Ila angalia tukio lenyewe: wanyama wamejaa, ngoma zinapigwa, mtoto anainuliwa. Hilo halijaguswa.

Kitambaa hakina shida ya usafiri

Linganisha mwamba na mambo mengine matatu ya jukwaa hilohilo.

La kwanza ni ukame. Ufalme unapoharibika, maji yanakauka. Jukwaani kuna duara la kitambaa cha hariri cha bluu, hilo ndilo bwawa. Kitambaa kinavutwa taratibu kupitia tundu dogo katikati, duara linapungua, linapungua, mwisho halipo. Basi. Hakuna tone la maji, lakini kiu unaisikia.

La pili ni msiba. Mufasa akifa, simba jike wanalia. Machozi yao ni utepe wanaouvuta kutoka kwenye macho ya vinyago vyao. Utepe! Ungeuweka mfukoni na ukapanda nao daladala.

La tatu ni mbio za nyumbu, tukio linalomuua Mufasa, na ndilo ningependa kila mwalimu mtarajiwa alielewe linavyofanya kazi. Nyuma kabisa ya jukwaa kuna vinyumbu vidogo vilivyopangwa kwenye mihimili inayozunguka, mithili ya vijiti vya kusukumia chapati. Mbele yake nyumbu ni wakubwa zaidi. Mbele kabisa ni wachezaji wenye vinyago vya nyumbu, wakikanyaga sakafu. Jicho linaunganisha vidogo vya mbali na vikubwa vya karibu, linapata korongo refu na kundi lisilohesabika. Ile ni kanuni tuliyofundishwa kwenye somo la sanaa shuleni, kwamba cha mbali huonekana kidogo, nayo hapa imetumika kumuua mfalme.

Ukiviangalia hivi vitatu unaona mpangilio. Vinavyotegemea jengo ndivyo vinavyobadilika au kuachwa. Vinavyotegemea mwili wa mwigizaji, kitambaa, na akili ya mtazamaji vinavuka mipaka bila shida. Onesho limechezwa Tokyo tangu 1998, London tangu 1999, Hamburg tangu 2001, Johannesburg mwaka 2007, na kwingineko, kwa Kijapani, Kijerumani, Kikorea, Kifaransa, Kihispania na lugha nyinginezo. Shanghai mwaka 2016 waliweka hata Mfalme wa Nyani, mhusika wa hadithi za kale za Wachina, ili watazamaji wa pale wakute mtu wao. Hata New York penyewe onesho halikukaa mahali pamoja: mwaka 2006 lilihamia ukumbi wa Minskoff. Mwaka 2010 wimbo mzima, ule wa taarifa ya asubuhi anaouongoza yule ndege Zazu, uliondolewa.

Walipopunguza ili wengine waingie

Badiliko lililonigusa zaidi lilifanywa kwa sababu ya watoto, wala halikuhusiana na usafiri. Oktoba 2, 2011, The Lion King lilikuwa onesho la kwanza Broadway kuandaliwa maalumu kwa ajili ya watoto wenye usonji na familia zao. Mtoto mwenye usonji anaweza kuumizwa kabisa na sauti ya ghafla au taa zinazomulika na kuzima haraka. Siku ile sauti zilipunguzwa, taa za kumulika watazamaji ziliondolewa, na nje ya ukumbi kukawa na sehemu tulivu ambako mtoto aliyezidiwa angeweza kupumzika kisha arudi. Hakuna aliyenong'ona kwa hasira kwa sababu mtoto wa jirani amesimama au amepiga kelele.

Tumezoea kudhani kuwa maendeleo ya jukwaa ni kuongeza: taa zaidi, moshi zaidi, spika kubwa zaidi. Hapa walipunguza, na kwa kupunguza wakapata watazamaji ambao mlango ulikuwa umefungwa kwao. Elimu jumuishi tunayoiandikia insha kila muhula, ukiniuliza, ni hicho tu: unaangalia nini kwenye somo lako kinamfukuza mtoto, unakipunguza.

Kisha kuna matoleo ya shule. Yapo mawili yaliyofupishwa ili watoto wenyewe wacheze: moja la kama dakika 60, lingine dakika 30 kwa wadogo zaidi. Huko hamna sakafu inayofunguka. Kuna maboksi, rangi, nguo za nyumbani, na mwalimu mwenye subira. Mwamba unaweza kuwa meza mbili.

Sisi na kanga zetu

Muhula uliopita kikundi chetu cha sanaa kilijiandaa kuchezea hadithi shule moja ya msingi, hadithi ya sungura na wanyama wenzake waliochimba kisima. Ubishi ukazuka. Upande mmoja ulisema bila projekta na mashine ya moshi tusiende, watoto wa siku hizi wamekulia kwenye simu janja, watatucheka. Upande wa pili ukasema twende hivyohivyo. Mimi nilikuwa huku wa pili, na nikaleta habari za bwawa la hariri.

Tuliungaunga kanga nne za rangi ya bluu. Wawili walishika ncha, wakazitikisa, kisima kikawa na mawimbi. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alikaa chini ya meza akizivuta polepole, maji yakakauka. Shule ile ina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na mwalimu wao alituomba mapema ngoma isianze kwa kishindo. Tukaanza kwa vidole, ikapanda kidogokidogo, na mlango ukaachwa wazi. Kisima kilipojaa tena, watoto wa mstari wa mbele walinyanyua miguu yao wasilowe. Wanajua ni kanga. Mama zao wanazo nyumbani. Wamenyanyua miguu vilevile, kama wanavyokula ugali wa matope kwenye mchezo wa baba na mama.

Nisieleweke vibaya. Sitaki mtu achukue makala hii akatwambie kuwa shule zetu hazihitaji vifaa. Hariri ya Broadway ni ghali, nyuzi za kaboni ni ghali zaidi, na nyuma ya kile kitambaa kuna mafundi wanaolipwa. Maabara ya kemia haiendeshwi kwa kanga. Mtoto asiye na kitabu hana kitabu, hata mwalimu awe mbunifu namna gani. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kukosa kitu ambacho somo haliwezi kusimama bila hicho, na kukosa kitu ambacho ni njia moja tu kati ya nyingi za kulisimamisha. Waandaaji wa ile ziara ya 2002 walilazimika kujiuliza swali hilo kwa kila mbao, kwa sababu lori lina mwisho wa kubeba.

Karibuni tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na najua sentensi itakayojaa kwenye ripoti zetu: shule haina vifaa. Itakuwa kweli mara nyingi. Ila kabla hujaiandika, chukua karatasi uigawe pande mbili. Upande mmoja andika vitu vya somo lako vilivyo kama mwamba unaotoka ardhini: vizuri, lakini vinategemea jengo. Upande wa pili andika vilivyo kama kitambaa cha bluu. Vya upande wa kwanza vidai kwa nguvu, kwa mkuu wa shule, kwa halmashauri, kwa yeyote anayehusika. Vya upande wa pili vibebe kwenye begi, uingie navyo darasani Jumatatu.