Mikono Huanza Kusahau Kabla ya Kichwa

Tuseme umeajiriwa wiki hii, muuguzi mpya idara ya dharura. Cheti cha mafunzo ya kuokoa maisha unacho, mtihani ulifaulu. Je, moyo wa mgonjwa ukisimama mbele yako miezi sita ijayo, mikono yako itakumbuka?

Kwenye karatasi kazi ni nyepesi. Mtu mzima unamkandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara unaachia kifua kirudi juu kabisa. Kinapopanda ndipo moyo hujaa damu upya. Ukisita hata sekunde kumi, presha inayolisha misuli ya moyo inaporomoka, na kuipandisha tena kunadai mikandamizo kadhaa. Sasa fanya hayo ndugu wa mgonjwa wanalia, na wewe hujui adrenalini iko droo ipi. Nusu ya "woga" wa muuguzi mgeni, naona mimi, ni hiyo droo tu.

Tafiti zinaonyesha ujuzi huu hufifia ndani ya miezi michache baada ya kozi, na vitendo hutangulia kupotea kuliko nadharia.

Mfano mzuri tunao hapa Tanzania, ingawa unatoka chumba cha kujifungulia. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa mdoli, walikuwa bora kuliko mwanzo. Lakini kwa watoto halisi? Huduma haikubadilika. Baadaye hospitali ikaleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka karibu 11 hadi karibu 7 kwa kila watoto 1,000. Ulilinganisha kabla na baada, kwa hiyo huenda na mengine yalichangia. Hata hivyo, tofauti si ndogo.

Kwa idara ya dharura, basi, mdoli usifungiwe stoo. Ukae kona, zamu ikianza watu watoe dakika kumi, wakizipokezana kila dakika 2 kwa sababu mkandamizaji huchoka kabla hajajijua. Uwe mdoli unaolia au kuwaka taa kina kikitosha, la sivyo mtu atazoea kosa lake. Na muuguzi mpya ndiye afungue droo.