Wimbo wa baa na ufunguo wake: usimbaji fiche unavyomlinda (na usivyomlinda) msanii

Ukikaa jioni kwenye baa ya Area D au Majengo hapa Dodoma, hebu chungulia nyuma ya kaunta. Muziki unaokutikisa kichwa unatoka wapi? Mara nyingi ni flashi iliyochomekwa kwenye redio au kompyuta ya DJ. Ndani yake kuna nyimbo mia kadhaa: bongo fleva, singeli, rumba na zilipendwa kidogo. Ziliingizwa kwa hela ndogo tu kwenye kibanda cha jirani. Kesho flashi hiyohiyo inaweza kupanda basi la Singida, na keshokutwa ikanakiliwa Manyoni. Mwenye wimbo hana habari.

Sasa tuulize swali la kisayansi. Je, inawezekana kutengeneza mashine ambayo nyimbo zake zinapigika hapohapo tu, hata mtu akichomoa diski na kuondoka nayo? Inawezekana. Mbinu yenyewe inaitwa usimbaji fiche, na kwenye nchi zenye jukiboksi, yaani masanduku ya muziki ya kulipia, leseni ya muziki inaweza kuidai.

Haki mbili, si moja

Kwanza sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA, inatenganisha mambo ambayo wengi tunayachanganya. Kunakili wimbo ni haki moja ya mtunzi, na kuupiga mbele ya umma ni haki nyingine. Ukinunua wimbo ukasikiliza chumbani, hapo uko salama. Ukiupiga baa ili wateja wakae na kunywa, umegusa haki ya pili. Ukiuweka kwenye mashine yako ya biashara, umegusa na ile ya kwanza.

Wamarekani walichelewa kulikubali hili. Sheria yao ya mwaka 1909 iliyaacha masanduku ya kutumbukiza sarafu yapige muziki hadharani bila kuwalipa watunzi, na msamaha huo uliondolewa na sheria ya 1976. Enzi hizo wizi ulikuwa na mipaka yake, kwani santuri ni kitu cha kushika, na ukiihamisha inatoka kwenye sanduku la kwanza. Faili halina tabia hiyo. Wimbo wa dakika 4 uliobanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde una ukubwa wa megabaiti 3.84 hivi, na unanakiliwa kabla hujamaliza kupiga chafya. Diski ya jukiboksi moja inaweza kubeba maelfu ya faili kama hilo. Ndiyo maana mwenye haki anaweza kukwambia: nakili ukitaka, lakini zifunge.

Kufunga wimbo

Kompyuta inaona wimbo kama msururu mrefu wa 0 na 1, yaani biti. Chukua biti nane tu: 01011010. Chukua na ufunguo wa siri: 11001100. Zipange juu na chini kisha fuata kanuni moja: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Unapata 10010110. Huo ndio wimbo uliofungwa, na ukiupiga utasikia kelele kama redio iliyopoteza stesheni.

Sasa rudia kanuni ileile kwa ufunguo uleule. 10010110 juu, 11001100 chini. Umerudi 01011010! Ufunguo uleule unafunga na kufungua.

Hii ya kwetu ni ya darasani, na ufunguo mfupi unaorudiwarudiwa huvunjwa kirahisi sana. Mashine za kweli zinaweza kutumia AES, mbinu iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikafanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. AES inakata data katika vipande vya baiti 16, kwa hiyo wimbo wetu wa dakika 4 ni vipande 240,000. Kila kipande kinachanganywa na kupindwa raundi 10 kwa ufunguo wa biti 128. Kompyuta ya kawaida inamaliza kazi hiyo chini ya sekunde moja.

Je, mwizi hawezi kujaribu funguo zote? Tupige hesabu. Ufunguo wa biti 40 una uwezekano kama trilioni 1.1. Kompyuta inayojaribu funguo bilioni moja kwa sekunde itazimaliza kwa dakika 18 au 19. Ukifika biti 128, hata kompyuta milioni moja za aina hiyo zikifanya kazi pamoja, zitahitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu mara laki saba. Akae asubiri.

Ufunguo unakaa wapi?

Hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo. Mwaka 1883 Mholanzi Auguste Kerckhoffs alisema kwamba mfumo mzuri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, ilimradi ufunguo tu haujui. Kwa hiyo usiri wa AES si siri ya AES. Siri yote imo kwenye ufunguo.

Mfumo unaofikiriwa vizuri una ngazi mbili. Kila wimbo una ufunguo wake. Halafu ufunguo huo nao unafungwa kwa ufunguo wa mashine, uliohifadhiwa kwenye chipu ambayo haikubali kusomwa kutoka nje. Mtu akichomoa diski na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine, amebeba kelele tupu. Na leseni ya mwaka ikiisha, huna haja ya kufuta maelfu ya nyimbo. Unaondoa funguo tu.

Lakini kuna tatizo ambalo hesabu haiwezi kuliondoa. Mashine lazima iufungue wimbo ili iupige. Hii ina maana umemkabidhi mwenye baa kufuli na ufunguo katika sanduku moja, kisha unamwomba asichungulie. DVD zilikumbwa na hili. Ulinzi wake ulitumia ufunguo wa biti 40 tu, na mwaka 1999 programu ya kuuvunja ikasambaa duniani. Na hata chipu ikiwa imara kama jiwe, spika bado inatoa sauti. Mtu akiweka simu mbele yake na kurekodi, wimbo umeshatoka, ingawa umepungua ubora.

Kufuli halimlipi mtu

Tumfikirie msanii wa hapahapa kwetu. Hukwe Zawose, Mgogo wa kijiji cha Doduma, aliifikisha ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya na akarekodi na lebo ya Real World ya Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Sheria yetu inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo nyimbo alizotunga mwenyewe zinalindwa hadi 2053. Baa ikipiga moja leo, kuna warithi wanaostahili mrabaha. Je, AES itawafikishia? Hapana. Inazuia faili kuhama, basi.

Kinachowalipa ni hesabu: wimbo gani, lini, mara ngapi. Pasipo hesabu, wagawaji wa mirabaha wanalazimika kukadiria, kwa mfano kwa kutazama kinachopigwa redioni, na anayeimba kwa zeze ana nafasi ndogo ya kuonekana huko. Mashine iliyofungwa inaweza kuandika daftari kila inapofungua wimbo. Na si lazima iwe na intaneti muda wote, jambo muhimu kama unaiweka Kondoa au Mpwapwa. Kila mstari wa daftari unabeba muhtasari wa mstari uliotangulia, na daftari zima linawekwa saini ya kidijitali. Ukifuta au kubadili mstari mmoja katikati, mihtasari inayofuata haitalingana, na udanganyifu utaonekana siku mashine itakapopata mtandao.

Kwa hiyo ukisikia mtu anauza "mfumo wa kulinda wasanii", usiishie kumuuliza ufunguo una biti ngapi. Muulize unakaa wapi, nani anaweza kuubadilisha, na daftari linasomwa na nani.

Zoezi kabla hujaondoka: kwa ufunguo uleule, 11001100, mashine imefunga herufi moja ikapata 10001000. Ifungue, kisha itafute kwenye jedwali la ASCII. Ukipatia, utajua tunaandika kutoka mji gani.